Gari la mama, majani ya mwembe na kikohozi cha mpwa wangu

Nilipokwenda likizo nyumbani Tabora Desemba iliyopita, kitu cha kwanza kilichonipokea stesheni, kabla hata ya mama, kilikuwa harufu ya gari lake. Haikuwa harufu ya kumkimbiza mtu. Ilikuwa kama ya shuka lililoanuliwa bichi likakunjwa na kuwekwa kabatini, na juu yake limau kali kutoka kwenye kile kibao cha manukato kinachoning'inizwa kwenye kioo.

"Shikamoo mama. Hili gari limemwagikiwa nini?"

"Marahaba mwanangu. Ni mvua tu hizi. Ingia twende, mtoto ana njaa."

Mtoto ni mpwa wangu wa miaka sita. Dada yangu anafanya kazi Mwanza, hivyo anamlea bibi yake. Ana pumu tangu akiwa na miaka mitatu. Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, lililokuja nchini likiwa tayari limetumika. Mama alilinunua kwa kiinua mgongo chake alipostaafu ualimu, na alikuwa na sababu moja tu: mtoto akibanwa usiku asihangaike kutafuta bajaji. Nawaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu ndilo linaloniuma hadi leo.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika kuhusu sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Nimeandika kuhusu kuta zenye ukungu na vifua vya watoto. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, na nimeunukuu zaidi ya mara moja: wanaoishi kwenye unyevu na kuvu hupata zaidi dalili za njia ya hewa na pumu. Nimewahi kuwaeleza wasomaji habari za yule mtoto wa miaka miwili wa Rochdale, Uingereza, Awaab Ishak, aliyefariki Desemba 2020. Mahakama ya uchunguzi wa vifo ilisema miaka miwili baadaye kwamba chanzo ni kukaa muda mrefu kwenye nyumba yenye kuvu, na leo kule ipo sheria yenye jina lake inayowabana wenye nyumba.

Yote hayo niliyajua. Na siku ya pili nilipokwenda sokoni kwa gari lile lile, nilinunua kibao kingine cha manukato. Cha vanila.

Siku ya nne nilimpeleka mpwa wangu Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, akaone lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi wa safari yake ya mwisho. Siku hizi ni makumbusho. Kwihara ipo kwenye ile njia ya misafara ya utumwa na pembe za ndovu iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, na mtoto aliuliza maswali mengi kuhusu minyororo ambayo sikuwa tayari kuyajibu. Tukiwa tunaondoka mvua ikashuka. Tabora msimu wa mvua ni mmoja, Novemba hadi Aprili, na ikiamua haikupi nafasi. Nikafunga vioo vyote, nikawasha feni ya gari kufuta ukungu wa kioo cha mbele.

Hatukufika mbali. Alianza kukohoa, kile kikohozi kikavu cha mfululizo. Kisha akanyamaza, na mwenye mtoto wa pumu anajua kwamba kunyamaza ndiko kubaya zaidi. Nilipogeuka nilimwona mabega yamepanda, ngozi kati ya mbavu inavutwa ndani kila anapovuta pumzi. Nilisimamisha gari, nikamtoa kwenye siti ya mbele (nakiri, nilimkalisha mbele kwa sababu alinibembeleza), tukasimama chini ya mti tukilowa, nikampa dawa ya kuvuta kwa kutumia lile chupa la plastiki waliloelekezwa kliniki: pafu moja, apumue, pafu jingine. Baada ya dakika kadhaa akaweza kusema "mamdogo, baridi". Tulikwenda hospitali vioo vikiwa wazi, mvua ikituingilia.

Alitulia jioni ile ile. Daktari aliuliza maswali ya kawaida: nyumbani kuna moshi? Kuna paka? Mmehamia chumba kipya? Mmenunua godoro? Mama alijibu hapana, hapana, hapana. Kisha akasema jambo ambalo mimi msomi sikuliwaza.

"Daktari, huyu mtoto nyumbani hakohoi. Anakohoa tukienda shule na tukirudi. Na kliniki akija kwa gari anafika anakohoa, akija kwa bajaji hakohoi."

Daktari akacheka kidogo, akaniangalia mimi. "Gari linaingiza maji?"

Sikumjibu. Mama ndiye aliyejibu, akiangalia sakafu: "Tangu masika yaliyopita."

Hapo ndipo nilipojua. Kwa mwaka mzima mama alikuwa akikuta maji upande wa abiria wa mbele kila mvua kubwa ikinyesha. Akiyafuta kwa kitambaa. Akitandika magazeti, tena, kwa maelezo yake, gazeti langu. Alipouliza gereji moja wakamtajia gharama iliyomtisha, akaona awambie watoto wake kitu gani, kila mmoja ana mambo yake mjini. Akanunua kibao cha manukato.

Nilikasirika njiani. Nilisema maneno ambayo hayafai kuandikwa ukurasa wa familia. Mama alisubiri nimalize, akasema, "Na wewe ulipanda siku nne. Ulinunua vanila."

Daktari, kwa haki yake, hakusema gari ndilo lililomletea mtoto shambulio. Alisema siku ile alikuwa na mafua pia, na baridi ya mvua, na huwezi kuapa ni kipi kati ya hivyo. Alichosema ni kwamba mtoto mwenye pumu hapaswi kukaa mahali penye kuvu, na gari lililofungwa vioo ni chumba kidogo kuliko vyote tulivyo navyo. Kwa watu wengi wenye afya, kuvu ya kwenye gari ni kero ya pua tu na macho kuwasha. Kwa mwenye pumu, mwenye mzio, au mwenye kinga dhaifu, hesabu ni nyingine.

Kosa letu la kwanza kesho yake lilikuwa kulipeleka kwa waosha magari. Kijana mmoja alituhakikishia kwamba "atalifulia ndani" na harufu itakwisha. Akamwaga maji ya sabuni kwenye siti na kapeti, akasugua, akafuta juu. Lilinukia vizuri hadi jioni. Asubuhi vioo vyote vilikuwa vimefunga ukungu kwa ndani, na tukipapasa chini ya kapeti ni maji matupu. Tulikuwa tumeongeza tulichotaka kukiondoa. Kuvu haihitaji siku nyingi: kitambaa kikikaa bichi zaidi ya siku moja au mbili, inaanza.

Jirani ndiye aliyetuletea fundi mzee wa Ng'ambo, mtu wa maneno machache. Aliamkiwa, akaitikia, hakufungua mlango wa gari. Alizunguka uani, akatazama juu.

"Hili gari mnaliegesha wapi siku zote?"

"Hapo chini ya mwembe, mzee," mama akasema.

"Basi."

Kwa wasiokuja Tabora: mji huu ni wa miembe. Wazee husimulia kwamba mingi ilipandwa enzi za misafara, wakati huo Burton na Speke walipofika mwaka 1857 mahali paitwapo Kazeh, na kwamba njia ya zamani ya kwenda Ujiji unaweza kuifuata kwa miembe. Kivuli chake ndicho tunachokigombania wakati wa jua. Sijawahi kufikiria kwamba mwembe unaweza kumdhuru mtu isipokuwa kumwangushia embe kichwani.

Fundi alifungua boneti, akatoa lile kava la plastiki lililo chini ya waipa. Ndani yake palikuwa na bustani. Majani ya mwembe yaliyooza yakawa meusi kama samadi, maua makavu, vijiti, na mche mmoja mdogo wa majani umeota kabisa. Pale chini, alituonyesha, kuna mfereji unaopokea mvua yote inayoteremka kwenye kioo cha mbele, na kwenye kila pembe kuna tundu la kuyatoa maji yaende chini ya gari. Matundu yakizibwa, maji yanapanda hadi kwenye mlango wa hewa ya feni, na kutoka hapo yanamwagika ndani, kwenye miguu ya abiria. Pale pale mpwa wangu alipoweka miguu yake.

Akatoa majani kwa mkono, debe zima. Akaingiza waya laini kwenye matundu. Kisha akamwambia mama amwage ndoo ya maji taratibu kwenye kioo, mimi nikae ndani na tochi. Maji yalimwagika chini ya gari pande zote mbili, ndani hapakuingia tone. Gharama ya kazi hiyo ilikuwa ndogo kuliko vibao vyote vya manukato tulivyonunua.

Nilimuuliza kama maji ya ndani siku zote hutoka huko. Alisema hapana, na hapa nilitoa daftari. Maji ya mvua mara nyingi yana vumbi na huja baada ya mvua. Yakiwa safi, na yanakuja ukiwasha kiyoyozi hata jua likiwaka, basi ni mrija wa kutolea maji ya kiyoyozi umeziba. Yakiwa ya rangi, yanateleza mkononi na yana harufu ya utamutamu, hayo si ya mvua wala ya kiyoyozi, ni ya rejeta, yanavuja kwenye kipasha joto nyuma ya dashibodi, na mtu asiyaache. Mipira ya milango iliyokauka nayo huingiza maji. Ukikausha kabla ya kujua yanatoka wapi, alisema, unachota mto.

Kukausha kwenyewe kulituchukua siku sita, na ndiko kulikonichosha.

Kwanza alichomoa waya wa betri, akasubiri. Chini ya siti za mbele kuna nyaya, na zile zenye kichwa cha rangi ya njano ni za mifuko ya hewa. Si za kuchomolewa gari likiwa na umeme. Kisha bolti nne kila siti, spana namba 14, siti zikatoka nje. Akainua kapeti, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kitambaa na magazeti ya mama havikufua dafu. Kapeti lenyewe ni jembamba, lakini chini yake limegandishwa blanketi la pamba nzito la kuzuia kelele, nene kama vidole viwili. Juu palikuwa pakavu. Ile pamba tulipoiminya ilitoa maji ya rangi ya chai, na upande wa chini umeota madoa meupe na ya kijani, mengine yana manyoya. Bati la sakafu lilikuwa limeanza kutu.

Mama alikaa kwenye kigoda akatazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

Nilimpeleka mtoto kwa jirani kabla hatujagusa kitu. Ukisugua kuvu iliyokauka inapeperusha vumbi lake, na hilo ndilo linaloingia kifuani. Tulivaa barakoa na glavu, tukatoa kila kitu nje na kusugulia uani, upande upepo unakoelekea mbali na nyumba. Sabuni ya kawaida na maji kidogo ya uvuguvugu, brashi, kitambaa kikavu nyuma yake. Sehemu ngumu, plastiki na vyuma, tulifuta kwa siki nyeupe. Shemeji yetu mmoja alishauri tumwagie jiki kila mahali. Nilikataa, na nitaeleza: jiki inafubaza vitambaa, inadhoofisha mikanda ya usalama, na ikikutana na siki inatoa hewa ya sumu. Hewa hiyo ndani ya gari si jambo la kujaribu. Mikanda tuliivuta hadi mwisho, tukakuta nayo ina madoa, tukaiosha kwa sabuni na kuiacha imevutwa hadi ikauke.

Ile pamba ya upande wa abiria tuliitupa. Fundi alisema ikishaota hivyo haikauki ikapona. Shemeji yule yule akaleta kipande cha godoro la zamani tukitandike badala yake. Jamani.

Tatizo lilikuwa jua. Asubuhi linawaka kama kawaida ya Tabora, saa nane wingu limeshuka. Kapeti likawa linatoka saa mbili na kuingia saa saba. Mjomba wangu, mkulima wa tumbaku Urambo, alipita siku ya tatu, akakuta tumelilaza kwenye turubai juu ya saruji. Akauliza nani kawafundisha. Alituambia kwamba hata kwenye bani jani la tumbaku haliwezi kukauka likilala juu ya mwenzake. Linaning'inizwa, joto lipite chini na unyevu utokee juu. Ukilifunga likiwa na unyevu, nje linang'aa na katikati ya mtumba linaoza, na siku ya soko unapangiwa daraja la aibu. Akakata fito mbili, tukaning'iniza kapeti hewa ipite pande zote. Siku moja juu ya fito ilifanya kazi ya siku mbili za turubai.

Usiku gari lilisukumwa hadi kibarazani, milango wazi, feni ya sebuleni ikipuliza ndani. Mama aliweka mkaa kwenye sahani, kama alivyosikia. Mkaa unapunguza harufu kidogo, sikatai, lakini haukaushi kapeti, wala mchele, wala chumvi. Kinachokausha ni hewa inayotembea.

Nyuma ya droo ya dashibodi tulikuta kitu kingine ambacho mama hakujua kipo: chujio la hewa ya ndani. Lilikuwa jeusi, limelowa, lina majani. Kila tulipowasha feni, hewa iliyompiga mtoto usoni ilipita humo. Hilo halisafishwi, linabadilishwa. Fundi alimwelekeza mama pia azime kiyoyozi dakika chache kabla ya kufika na kuacha feni ikizunguka, ili bomba zake za baridi zikauke badala ya kulala na maji, na asiache hewa ya gari izunguke yenyewe ndani siku za mvua.

Siku ya sita, kabla ya kurudisha siti, tulitandika karatasi kavu chini ya kapeti usiku kucha tukaiwekea mawe. Asubuhi karatasi ilikuwa kavu na vioo havikuwa na ukungu. Fundi akafunga bolti. Akakataa chai, akachukua embe tatu.

Likizo yangu iliisha mambo yakiwa hivyo. Mama na mimi hatukuwahi kuombana msamaha kwa maneno. Siku ya kuondoka alinifungia karanga za kukaanga, akaniambia nizipasue kwanza nione ndani, "wewe si mtaalamu wa kuvu". Sasa hivi kila mwezi namtumia hela kidogo ninayoiita ya mafuta, na nimemwomba akikuta kitu kimelowa, kiwe gari au paa, aniambie siku hiyo hiyo. Ameniahidi. Sijui kama atatimiza, namjua.

Mpwa wangu bado ana pumu, bado ana dawa zake na tarehe zake za kliniki. Mama anasema njia ya shule hakohoi tena, isipokuwa siku za vumbi. Anakaa siti ya nyuma.

Gari linaegeshwa juani sasa, pembeni ya uzio. Wiki iliyopita mama alinipigia kulalamika kwamba usukani unaunguza mikono na dashibodi imeanza kupauka. Nikamwambia atandike kanga.